Mama mkwe ataka kasuku wa marehemu akatwe mbawa, nami nasita

Asalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mombasa. Mume wangu ni baharia na sehemu kubwa ya mwaka huwa majini. Baba mkwe alifariki mwaka jana, na mama mkwe alipotoka eda tulikubaliana ahamie kwetu, kwa kuwa nyumba ya Mji wa Kale ni ya urithi na bado haijagawanywa. Alikuja na masanduku yake, mkoba wa dawa za presha, na Sultani.

Sultani ni kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Mzee alimfuga zaidi ya miaka 15. Anapiga mluzi, anaiga mlio wa simu, anaiga hata mlango wa friji. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba anaiga sauti ya Mzee. Kila alasiri humwita mama mkwe kwa jina lake la utotoni, jina ambalo humu nyumbani hakuna mwingine anayethubutu kulitamka, kisha hukohoa vile vile Mzee alivyokuwa akikohoa. Mara ya kwanza nilidondosha bakuli. Mama mkwe yeye huitika.

Mzee alikuwa akimpunguza manyoya ya mbawa yeye mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Kule kwao Sultani alikaa uani, kwenye kijiti kisichozidi kimo cha kiuno, na chini palitandikwa mkeka. Tangu Mzee augue hakuna aliyemkata, na sasa manyoya yameota yote. Binti yangu wa miaka 9 ndiye aliyemwona akiruka kwa mara ya kwanza, kutoka juu ya tundu hadi kwenye pazia. Tangu siku hiyo kila akirudi chuoni humfungulia, na sebule inageuka uwanja wa ndege. Ukweli ni kwamba nami hufurahi kumwona, ingawa hajui kutua vizuri. Hugonga kabati, huning'inia kwenye waya wa televisheni.

Kisha likatokea jambo. Sisi tuko ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita upepo wa kusi ulisukuma mlango wa roshani na Sultani akatoka. Alikwenda kutua juu ya mwembe wa jirani na hakushuka. Kunguru wakamzingira, unawajua kunguru wa mji huu. Kijana mmoja wa pale chini alipanda akamteremsha jioni, anatetemeka, mkia umepungua manyoya. Mama mkwe hakula usiku ule. Asubuhi alisema neno moja tu: "Akatwe."

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anafuga njiwa na anasema hiyo ni kazi ya dakika tano. Anasema pia kwamba siku moja feni ya darini itammaliza ndege mbele ya mtoto, na hilo siwezi kumbishia, kwa sababu juzi alipita karibu nayo sana. Binti yangu akisikia habari za makasi analia. Mume wangu kwa simu anasema, "Fanyeni anavyotaka Mama." Mimi moyo wangu unaniambia ni ukatili, ni kumlemaza kiumbe aliyekwisha kuonja kuruka.

Naomba unishauri. Nikubali akatwe? Na akikatwa, hukatwaje bila kuumia? Na kama sitaki, nitamkataliaje mama aliyefiwa bila kuonekana mkaza mwana mkaidi?

Mkaza Mwana, Mombasa

MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu, na poleni kwa msiba.

Umeniuliza habari za makasi, na ndani ya barua yako nimewaona watu wanne, kila mmoja na hofu yake. Mama anahofia kuipoteza sauti. Shemeji anahofia feni. Binti anahofia kuzimiwa furaha yake ya jioni. Wewe unahofia lawama, ya kiumbe upande mmoja na ya ukweni upande wa pili. Hofu zote nne zina msingi. Tatizo ni kwamba zote zimebebeshwa manyoya ya ndege mmoja.

Nianze na neno lako "kumlemaza". Unyoya wa ubawa ukishakomaa hauna damu wala hisia. Ukikatwa ni sawa na ukucha kukatwa: hauumi, na ndege anapopukutisha manyoya ya zamani huota mpya mahali pake. Kwa kasuku mkubwa jambo hilo huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi. Kwa hiyo Mzee hakuwa mkatili miaka yote hiyo, wala Mama si mkatili leo. Nakuomba uanzie hapo, kwa sababu ukiingia kwenye mazungumzo na neno "ukatili" mdomoni, Mama atasikia unamsema marehemu.

Madhara, yakitokea, huja baada ya kukatwa. Kasuku wa kijivu ni mzito, karibu nusu kilo, na ni ndege mwoga anayeshtuka upesi. Akishtuka hurusha mwili mzima hata kama mbawa hazina kitu. Aliyekatwa kupita kiasi haelei hewani. Huporomoka wima na kufikia kidari. Ngozi ya kidari hupasuka, na kabla haijapona hupasuka tena. Sasa tazama ulivyonieleza mwenyewe: kule uani alikaa kimo cha kiuno, na chini palikuwa na mkeka. Kwako sakafu ni ya nini? Vigae? Na tundu lake liko juu ya nini? Mama anaposema "Mzee alimkata na hakudhurika" anasema kweli, lakini ni kweli ya nyumba ile. Ndege ni yule yule, na makasi yanaweza kuwa yale yale, ila pa kuangukia pamebadilika.

Kuna na jingine la kasuku hawa hasa. Wakikosa raha huanza kujinyonyoa manyoya wenyewe, na tabia hiyo ikishaingia ni ngumu kuiondoa. Si kila aliyekatwa hujinyonyoa. Lakini Sultani kwa mwaka mmoja amempoteza bwana wake, amehamishwa nyumba, amefundishwa kuruka na mtoto, kisha amezingirwa na kunguru. Kumwondolea mbawa ghafla juu ya hayo yote ni kumwongezea, na hilo mliweke kwenye mizani.

Nije kwa Mama. Yeye anaamini kwamba akikatwa hatapotea tena. Hapa, kwa upole kabisa, naona kuna dhana ya kukaguliwa. Kasuku aliyekatwa kwa kiasi bado huweza kupaa akipata upepo, na upepo wa kusi kwenye roshani ya ghorofa ya tatu si haba. Tena manyoya huota kimya kimya. Mwenye ndege amejizoesha kwamba huyu haendi popote, anatoka naye barazani kwa amani, kumbe mawili matatu yamekwisha kurudi. Na akianguka chini akiwa amekatwa, paka humkuta hana hata njia ya kupanda ukuta. Kukata hupunguza hatari ya aina moja na kuongeza ya aina nyingine. Mlango ndio uliompoteza siku ile, na mlango ule ungempoteza hata akiwa na nusu ya manyoya.

Pia ile habari ya kukataa kushuka mwembeni isomeni vizuri. Wengi hudhani ndege kama huyo kaipenda dunia ya nje. Mara nyingi ni kwamba hajui kushuka. Kupanda ni rahisi. Kuteremka kutoka mti mrefu kwahitaji ustadi, nao ndege huupata utotoni akijifunza kuruka. Sultani aliyekatwa miaka yote hiyo anajifunza leo, ukubwani, ndiyo maana anagonga kabati na kuning'inia kwenye waya.

Shemeji wako namheshimu, lakini njiwa ni elimu nyingine. Mfuga njiwa humpunguza mgeni mbawa ili akizoee kibanda. Manyoya yakirudi, njiwa anaruka na kurejea mwenyewe, ndiyo asili yake. Ni mwepesi wa kupaa na ana kifua kipana cha misuli. Kipimo cha makasi kinachomfaa njiwa kinaweza kumvunja kasuku. Kwa upande wa feni, hapo shemeji ana haki asilimia mia, wala usimbishie. Feni inayozunguka huua ndege, na ikiua, mtoto ataiona.

Basi kabla ya kufikia manyoya, itazameni nyumba. Roshani na madirisha yawekewe wavu wa waya, kwa sababu wavu wa mbu wa plastiki kasuku huutafuna akautoboa. Kuwe na saa maalumu ya kumfungulia, na katika saa hiyo feni imezimwa, mlango wa nje umefungwa kwa komeo, jikoni hakuna sufuria inayochemka wala mafuta motoni. Kioo kikubwa kifunikwe kwa khanga mpaka akijue. Na kwa kuwa hukulitaja, nitalitaja mimi: udi. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi, na kama Mama hufukiza usiku wa Ijumaa, Sultani atolewe chumba hicho. Hali kadhalika dawa ya mbu ya kupuliza, na vile vikaango visivyoshika chakula: vikiunguzwa vitupu hutoa mvuke usioonekana unaoua ndege kwa muda mfupi sana. Nimesikitika mara nyingi kwa watu waliobishana juu ya mbawa mwezi mzima na ndege akafia jikoni.

Njia hii ina gharama zake. Wavu ni pesa. Nidhamu ya feni katika joto la Mombasa, mwezi wa Februari, ni mtihani, na atakayesahau siku moja ni mgeni asiyejua. Mkiichagua, lazima mtu mzima awepo kila ndege anapokuwa nje. Mtoto wa miaka 9 asiachiwe peke yake, hata awe hodari namna gani. Mimi nisingependa akue na kumbukumbu hiyo.

Kazi nzuri ya kumpa binti ni kumfundisha Sultani kuja akiitwa. Anaanza karibu, kutoka kijitini hadi mkononi, kwa kipande kidogo cha papai au pilipili mbichi. Usishangae: pilipili haiwawashi ndege. Umbali unaongezwa kidogo kidogo, kisha kutoka juu kuja chini, kusudi ajue kuteremka. Ndege anayekuja akiitwa ana nafasi kubwa ya kurudi siku ya bahati mbaya. Na mtoto akiwa mwalimu wake, na bibi yake amekaa pale akitazama, huenda wawili hao wakaacha kuvutana. Hilo silihakikishi. Nasema huenda.

Ipo njia ya katikati pia, nayo ni kumpunguza kidogo tu, asiweze kupaa juu lakini aweze kuelea hadi sakafuni bila kuumia. Kwa kuwa umeuliza hukatwaje, nikueleze, ili hata atakayefanya mwingine ujue cha kukagua.

Mbawa zote mbili hupunguzwa sawa. Mkikata upande mmoja ndege huruka kombo na kujigonga. Yanayoguswa ni yale manyoya marefu ya ncha ya ubawa, ambayo ni 10 kila upande. Ya karibu na mwili hayaguswi, maana ndiyo yanayomshikilia akishuka. Kwa ndege mzito kama huyu huanzwa na machache ya nje, kisha huachiwa kutoka kimo kifupi juu ya godoro ionekane anatuaje. Kuongeza kukata kunawezekana wakati wowote, kurudisha hakuwezekani. Kila unyoya hutazamwa shina lake kwanza. Shina jeupe limekomaa. Shina jeusi au la buluu lina damu, na likikatwa hutoka damu nyingi kwa mwili mdogo hivyo. Likikatwa kwa bahati mbaya, bonyezeni unga laini wa wanga wa mahindi pale pale kwa kitambaa safi na mkimbie kwa daktari.

Anayemshika amfunge kwa taulo, asimbane kifua. Ndege hupumua kwa kifua kupanda na kushuka, ukikibana anakosa hewa ingawa pua ziko wazi. Siku ya mbawa kucha zisikatwe, kwa sababu atahitaji kushikilia. Baada ya hapo kijiti kishushwe, chini patandikwe zulia au godoro, na kila baada ya wiki chache mbawa zikaguliwe. Shemeji akiona hayo ni ya dakika tano, muulize ni lipi kati ya hayo ataliruka.

Hatari ya njia hii nimekwisha kuitaja: mkiridhika kwamba "amekatwa", mtaanza kuacha mlango wazi. Na manyoya mapya yanayoota bila jirani wa kuyakinga huvunjika kirahisi zaidi na kutoka damu.

Sasa Mama. Nakuuliza, mwanangu: una hakika anachotaka ni kumkata ndege? Mimi nasoma mwanamke aliyemzika mumewe na kubaki na sauti yake, na sauti ile imekaa saa nyingi juu ya mwembe katikati ya kunguru. Neno "akatwe" lilitoka asubuhi baada ya usiku usio na chakula. Huenda bado analisimamia. Huenda akipata njia nyingine ya kutulia ataliacha. Hutajua mpaka umuulize anaogopa nini, na ukae kusikiliza bila kutetea mbawa.

Jambo moja lililo mikononi mwako ni simu. Ile alasiri anapoitwa, rekodi. Fanya mara kadhaa, uhifadhi mahali zaidi ya pamoja, umtumie na mwanawe huko majini. Lakini mwombe ruhusa kwanza. Wapo wajane wanaofarijika kusikia, na wapo ambao kurekodiwa kwao ni kama kutangaziwa kifo kingine. Akikubali, hofu yake itakuwa na pa kupumulia, na mazungumzo ya mbawa yatapungua uzito. Akikataa, utakuwa umemwonyesha kwamba umeelewa kitu gani hasa kiko hatarini.

Usimkatalie mbele ya shemeji wala mbele ya mtoto. Kaa naye wakati wa chai, mwambie, "Mama, siku ile nami niliogopa. Kabla hatujamgusa, tufunge wavu, tumwite daktari amtazame, kisha tusikie atasema nini, halafu tuamue." Hujakataa, na hujakubali. Umeomba muda, na mkubwa akiombwa muda kwa adabu aghalabu hutoa. Mkija kuamua apunguzwe, Mama ashirikishwe na mtoto aelezwe mapema kwamba manyoya yataota. Asije akamkuta ameshakatwa atokapo chuoni.

Mumeo naye ameondoka kwenye hili haraka mno. "Fanyeni anavyotaka Mama" ni heshima kwa mzazi, lakini imekuachia wewe kazi ya kushika ndege, kumnyamazisha mtoto na kubeba matokeo. Mwombe azungumze na mamake mwenyewe kwa simu, si kwa kuamuru, kwa kumsikiliza tu. Kuna maneno mjane huyasema kwa mwana aliyemzaa asiyoyasema kwa mkaza mwana.

Kama kuna anayetia shaka ya dini, hadithi ya Abu Umair, yule mtoto aliyekuwa na kidege chake na Mtume akawa akimuulizia habari zake, wengi wanaijua, na wanazuoni wameitumia kueleza kwamba kufuga ndege kunajuzu akitunzwa. Kuhusu makasi muulizeni sheikh wenu. Mimi si mufti.

Mwisho ni karatasi, jambo ambalo barua yako haikuligusa. Kasuku wa kijivu walikamatwa misituni hasa Congo na nchi za magharibi mwake mpaka wakapungua vibaya. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg, waliwekwa kwenye orodha ya ulinzi mkali kabisa, ikaanza kutumika mwaka 2017. Hapa Kenya kumfuga kwahitaji kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Tafuteni kwenye makaratasi ya Mzee kama kibali kipo. Kikiwepo kitakuwa kwa jina lake, na mwenye jina hayupo, kwa hiyo nendeni ofisini mkaulize kinahamishwaje. Kisipokuwepo, ni afadhali mwende nyinyi kuuliza kuliko kuulizwa.

Na ukimtafuta daktari wa wanyama, mpigie kabla ya kufunga safari umuulize kama amewahi kumshika kasuku. Wengi wao ni mahodari, ila mikono yao imezoea ng'ombe, mbuzi na kuku.